Mtupa Mpira Aliyekuwa Akienda Kianjai

Aliyemwambia ofisa wa Embu habari za vidole ni mimi. Kwa mwaka mzima nimesema si mimi. Nilimwambia hivyo mke wangu, nikamwambia katibu wa kanisa, nikawaambia na ninyi mlioniuliza hapa barazani kwangu Rabai, tena kwa sauti ya mtu aliyeonewa. Petro alikana mara tatu. Mimi nilipoteza hesabu, na hakuna jogoo aliyejisumbua kuwika.

Sasa nimechoka kukana, na ninyi hamchoki kuuliza, kwa hiyo nitaisimulia safari yote tangu mwanzo. Habari za pasi, barua na mihuri nitaziruka. Zilinichosha wakati ule na sioni kwa nini ziwachoshe ninyi.

Nairobi hadi kizuizi cha barabarani

Hali ya Hatari ilikuwa bado haijaondolewa. Watu walisema vita vya msituni vimepungua, lakini hofu ilikuwa haijapewa taarifa hiyo. Kanisa lilinitaka nimsindikize mgeni kutoka Nairobi hadi Kianjai, mbele ya Meru, nimtafsirie njiani. Mgeni alikuwa Mwamerika aliyeajiriwa kufundisha michezo katika shule ya kanisa. Serikali ikimkubali, atapata kazi ya miaka mitatu na nyumba ya mabati. Isipomkubali, atapanda meli arudi kwao, na kwao, kama alivyoniambia siku ya kwanza, hakukuwa na mtu wala kazi iliyomngoja.

Nilikwenda kumpokea nikimtafuta Mzungu. Nilipita mbele yake mara mbili. Mtu aliyekuwa ameketi juu ya sanduku, mrefu, mweusi kuliko mimi, nilimdhania mpagazi, na mara ya pili nilikaribia kumpa mzigo wangu. Alisimama akanipa mkono. Jina lake Ezra. Mimi ni mwalimu, mtu wa makamo, nimesoma chuo kikuu, nimeandika makala magazetini juu ya hatari ya kumhukumu mtu kwa sura yake.

Lori la kanisa liliendeshwa na Mutuma, Mmeru mnene wa maneno machache. Alimtazama Ezra kwenye kioo kwa muda, kisha akaniuliza huyu ni mtu ya wapi. Nikamwambia Amerika.

"Amerika ya wapi?" akasema. "Huyu anafanana na mjomba wangu wa Igoji."

Hata mimi sikumwamini sana. Kazi aliyonieleza ilikuwa ya ajabu. Kuna mchezo kwao, ndugu wa kriketi, ambao mmoja hutupa mpira na mwingine huupiga kwa rungu. Mtupaji wa kwanza akichoka, au akipigwa mno, huitwa mwingine aje kuokoa kilichobaki. Ezra alikuwa huyo mwingine. Kwa miaka kumi na minne alilipwa mshahara wa kukaa kwenye benchi, kungoja wenzake waharibikiwe, ndipo ainuke. Na katika miaka hiyo alikuwa amechezea timu kumi na moja. Mtu akiniambia ameoa wake kumi na mmoja nitamwelewa upesi zaidi. Nikamwuliza kwa nini walimfukuza kote huko. Akasema hawakumfukuza, walimbadilisha. Safari moja walimtoa kwa timu nyingine wakapokea basi kuukuu lenye matairi mapya.

Niliitikia kwa kichwa kwa adabu, na moyoni nikaamua kwamba huyu ni mwongo, au mpelelezi, au amemkimbia mke. Tena alikuwa na daftari dogo. Kila tulipofika mahali aliniuliza jina la mahali pale, akaliandika, akalifunga daftari kabla sijaona zaidi. Dhana ya mpelelezi ikawa inaongoza.

Karibu na Embu tulikuta gogo limelazwa barabarani. Homugadi sita, wale wanamgambo wa serikali, na mkubwa wao mzee mwembamba mwenye koti la jeshi lililomfika magotini. Walimpita Mutuma, wakanipita mimi, wakasimama kwa Ezra.

"Jina?"

"Ezra," nikajibu kwa niaba yake.

"Ezra ni jina ya hapa. Shemeji yangu ni Ezra. Kabila?"

Nikasema Mwamerika. Wakatazamana. Ndipo wakafungua mfuko wake wakakuta glavu moja kubwa ya ngozi, ya mkono mmoja tu, na mipira miwili myeupe iliyoshonwa kwa uzi mwekundu. Mzee aliupima mmoja mkononi. Ulikuwa mzito kuliko chungwa. Akauliza hiki kitu ni cha nini, nikatafsiri, Ezra akasema ni cha kutupa.

"Anamtupia nani?"

"Mtu aliyeshika rungu."

Mzee akafikiri. "Na huyo wa rungu amemkosea nini?"

Mzee akatoa kisu, akapasua ngozi ya mpira, na uzi ukaanza kutoka. Ukaendelea kutoka. Kijana mmoja alishika ncha akarudi nyuma nao, akapita lori, akapita mti wa pili, akageuka kona tukabaki tunaona uzi tu ukitembea peke yake. Kila mtu alingoja barua itakayotoka katikati. Kilichotoka ni kipande cha gome kilichovikwa mpira, kikubwa kama tunda la kungu. Mzee alikinusa, akakiuma, akatema.

Nadhani angetuachilia, lakini alijaribu jambo moja zaidi. Alimgeukia Ezra ghafla akamsemesha Kiembu, haraka haraka, maneno mengi. Na Ezra, ambaye mama yake alimfundisha kumheshimu kila mzee anayesema, alitabasamu akaitikia kwa kichwa.

"Amesikia," mzee akasema, akapanda lorini na bunduki yake, akakaa katikati yetu hadi Embu.

Embu

Tulikaa Embu siku mbili katika nyumba ya wageni ya kanisa, tukingoja ofisa Mwingereza arudi kutoka alikokwenda. Hatukukatazwa kutoka, ila kila tulipotoka palikuwa na mtu ng'ambo ya barabara aliyekuwa akifunga kamba za viatu. Alikuwa na viatu vyenye kamba ndefu sana.

Chakula kilikuwa maharage na mahindi asubuhi, na jioni mahindi na maharage. Ezra alikula vyote akaandika daftarini. Siku ya pili alichoka kukaa, akanitaka nimsaidie kunyoosha mkono. Uani nyuma ya nyumba alinichuchumaza mbele ya ukuta, akanivika glavu, akanifundisha kazi ya mdakaji. Mdakaji, alisema, ndiye anayejua yote. Mpigaji amesimama karibu, hawezi kuambiwa mpira gani unakuja, kwa hiyo mdakaji huonyesha kwa vidole vilivyofichwa kati ya mapaja. Kidole kimoja, mpira wa kasi ulionyooka. Viwili, unaopinda. Vinne, unaokuja polepole huku mkono unaonekana wa kasi. Mtupaji akikataa hutikisa kichwa, akikubali hutupa.

Lazima niseme kweli, nilifurahi. Nilidaka mitatu, wa nne ukanipiga kifuani nikakaa chini, na Ezra akacheka mara ya kwanza tangu Nairobi. Akaniambia kwamba katika miaka kumi na minne hakuwahi hata siku moja kuuanza mchezo. Daima aliingia katika balaa la mtu mwingine. Huko Kianjai hakuna aliyewahi kuucheza, kwa hiyo wa kwanza atakuwa yeye. Alilisema hilo akiutazama mpira wake uliobaki, si mimi.

Jioni ile ofisa aliniita peke yangu.

Alikuwa kijana, mpole, na alinimiminia chai kwa mkono wake. Ninyi mnaojua siku zile zilikuwaje mtajua chai hiyo ilinifanya nini. Miaka mingi nimesoma vitabu vyao, na kumbe kilichokuwa kikihitajika kuninunua ni kikombe kimoja na biskuti mbili. Akasema ameona makala zangu. Akaniuliza mimi, kama mtu msomi, namwonaje huyu bwana.

Ningeweza kusema ni mcheza mpira. Nilisema ana daftari anamoandika jina la kila mahali. Nilisema amekaa miji kumi na mmoja na sababu zake hazieleweki. Kisha, kwa kuwa alikuwa akisikiliza vizuri, nikamweleza habari za vidole: kimoja maana yake hivi, viwili hivi, na vinafichwa ili mwingine asijue. Nilimwonyesha kabisa, mkono chini ya meza. Kalamu yake ilikuwa ikienda. Nilijua wakati ule ule kwamba katika wilaya ambayo watu walikuwa wakifungwa kwa kudhaniwa wamekula kiapo cha wapiganaji wa msituni, ishara ya siri ya vidole si habari ya mchezo. Nilijua na nikamaliza biskuti.

Mwisho akaniuliza kama namwamini.

"Inategemea," nikasema, "tunaelewa nini kwa neno kuamini."

Hilo ndilo jibu la chuo kikuu. Kesho yake asubuhi tuliambiwa tuendelee na safari hadi Meru, na kwamba ofisa wa huko ataambiwa uamuzi. Mutuma alikunja uso. Alisema wakikuzuia unajua wanataka nini, lakini wakikuachilia upesi hivi, hujui.

Embu hadi Ishiara

Daraja moja la barabara ya juu lilikuwa limechukuliwa na maji tangu mvua za nyuma na halijatengenezwa, basi Mutuma akateremka kwa njia ya chini, kupitia Ishiara. Ukitoka kwenye migomba ya Embu ukashuka huko, ni kama umefunguliwa mlango wa tanuri. Udongo wa mchanga, miiba, mbuzi, na mtama uliokuwa umekaribia kuvunwa.

Lori lilichemka. Tulipokuwa tukingoja lipoe, tulisikia kitu kikipita angani, na kundi la ndege likaruka kutoka shambani. Katikati ya mtama palikuwa na dungu, jukwaa la miti, na juu yake bibi mmoja, mwembamba, ameketi na rundo la vidonge vya udongo mkavu. Alikuwa akiamia ndege, akiwafukuza wasile mtama. Anachomeka kidonge kwenye ncha ya ufito, anaupunga mara moja, na kidonge kinakwenda mbali kuliko macho yangu.

Ezra alisimama pale kama mtu aliyesikia wimbo wa kwao. Akaniomba nimwombee ruhusa ajaribu. Mutuma alipiga kelele kwa Kimeru, bibi akajibu kwa Kimbeere, wakaelewana nusu, na nusu ilitosha. Ezra alipanda. Aliukataa ufito, akaokota kidonge kwa mkono. Bibi alimcheka. Akasema, na Mutuma akatafsiri kwangu, na mimi nikamtafsiria Ezra, kwamba mwanamume wa urefu huu anayetupa kwa mkono mtupu ataua mtama, si ndege.

Kulikuwa na kisiki kavu upande wa pili wa shamba. Ezra alikipiga. Akakipiga tena. Mara ya tatu bibi aliacha kucheka, akauliza mtu huyu anafanya kazi gani huko kwao. Nilieleza kwa uchovu, nikijua haitaeleweka: anakaa benchi, anangoja, mambo yakiharibika anaitwa, anatupa.

Bibi hakushangaa hata kidogo.

"Ni kazi yangu," alisema. "Unakaa kutwa, wanasema umelala. Ndege wakishuka, unatupa. Mtama ukiliwa ni wewe, mtama ukipona ni mvua."

Nilipomtafsiria, Ezra alikaa chini juu ya dungu. Kisha bibi akaushika mkono wake wa kulia, akautemea mate kidogo kiganjani. Ezra alinitazama akiwa amekaza taya, nami nilikuwa tayari kumwombea bibi msamaha. Mutuma ndiye aliyesema ni baraka, na kwamba si kila mgeni anapewa. Ezra akaufumba mkono. Akasema zamani kwao watupaji walikuwa wakitemea mpira mate ili upinde, mpaka wakubwa wakapiga marufuku, na labda waliopiga marufuku hawakujua walichokataza.

Bibi alituletea ndengu za kuchemsha katika kibuyu. Akanitajia jina lake, na jina la mumewe, ambaye alikuwa kizuizini mwaka wa nne. Majina hayo sitayataja hapa.

Wakati Ezra alipokwenda kuoga mtoni nililifungua daftari lake. Sitajisifu kwamba nilisita. Kila ukurasa ulikuwa na jina la mji na chakula alichokula. Miji ya Amerika mwanzoni, ukurasa baada ya ukurasa: mayai, samaki wa kukaanga, hakuna, hakuna, nyama ya makopo. Mwishoni: Embu, maharage na mahindi, mazuri. Nililirudisha mahali pake. Kutoka hapo hadi Chuka sikuweza kuzungumza naye, na yeye alidhani ni joto.

Chuka hadi Nkubu

Huku juu barabara inaingia mito na kutoka, inaingia na kutoka, na kila mto una baridi yake. Tulipata pancha mbili. Vijiji tulivyopita vilikuwa vile ambamo serikali iliwahamishia watu kwa lazima, vimezungushiwa handaki na vijiti vyenye ncha, na watu walisimama wakatutazama bila kuinua mkono.

Nkubu tuliingia kula katika hoteli ndogo sokoni. Palikuwa pamejaa. Tulipoketi pakaacha kujaa. Wateja walikumbuka shughuli zao mmoja mmoja, wengine wameacha chai ikitoa moshi. Mutuma aliniinamia akanieleza. Hapa watu walikuwa wakipangwa mstari mbele ya mtu aliyevikwa gunia kichwani, lenye matundu mawili ya macho, na aliyeitikiwa kwa kichwa na gunia alichukuliwa. Mtu mgeni, mweusi, asiyesema, anayeitikia kwa kichwa kila anapoongeleshwa: wamedhani gunia limekuja bila gunia.

Nilimwomba Ezra aache kuitikia kwa kichwa. Akaniuliza basi afanye nini mtu akimsemesha. Nikamwambia atazame sahani yake.

Lakini mwenye hoteli hakuondoka. Alimletea irio, viazi vilivyopondwa na mahindi, mara mbili bila kuombwa, akauliza kama mama yake yu hai. Na nje, mchinjaji mzee alipoambiwa jina lake ni Ezra alimshika mkono kwa mikono yake miwili, kwa sababu ya Biblia. Wengine wawili watatu wakaja baada yake, wakitazama kwanza kushoto na kulia. Ezra akawa amesimama pale sokoni anasalimiwa, ameshikilia shingo yake isiitikie.

Meru

Ofisa wa Meru alisema hana neno mpaka lije la Embu. Tulingoja siku nne Makutano, katika chumba juu ya duka, malori ya mbao na ya miraa yakipita chini yetu. Siku ya tatu mwalimu mkuu alikuja kwa baiskeli kutoka Kianjai, amebeba mkungu wa ndizi mgongoni. Alisema uwanja uko tayari. Wanafunzi wamefyeka majani kwa kufuata mchoro wa barua ya Ezra, wameweka mawe manne meupe penye pembe, na wanauliza atatupa lini. Ezra alimwuliza tena na tena habari za udongo, ni mgumu au laini, na pale pa kusimama mtupaji pameinuka kiasi gani. Mwalimu alionyesha kwa kiganja juu ya sakafu. Ezra akaongeza kidogo.

Mwalimu alipoondoka, Mutuma alinifuata kwenye ngazi.

"Mwalimu," aliniambia, "jioni ile Embu, ulirudi na makombo ya biskuti kwa koti. Mimi niliitwa pia. Mimi hawakunipa hata maji. Nilijiuliza wewe umewapa nini."

Nilimwambia sijui anasema nini. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipokana, na bado najua ilikuwa ngazi ya ngapi.

Asubuhi ya nne nilikwenda posta nikaomba simu ya Embu. Sikumwambia mtu. Niliketi kwenye benchi tangu saa tatu mpaka karibu saa saba, nikiyapanga maneno yangu: kwamba nilitia chumvi, kwamba vidole ni vya mchezo tu, kwamba nimeliona daftari, lina maharage. Nilikuwa tayari kuonekana mpumbavu, jambo ambalo kwa mtu wa aina yangu si dogo.

Karani akaniita. Sauti ya yule ofisa kijana ilikuja kwa mbali, ya upole vile vile. Niliyasema yote bila kupumua.

"Vidole?" alisema. "Ah, vile. Mimi nilicheza kriketi shuleni, bwana. Vidole sikuviandika."

Nikamwuliza kama basi Ezra anaweza kuendelea Kianjai.

Alisema hapana. Amri ilitoka Nairobi kabla hatujafika Embu. Mtu mweusi kutoka Amerika hawezi kukaa Meru wakati huu, apige mpira au asipige. Ataondoka kwa meli ijayo, na ofisa wa Meru atamjulisha leo.

Nilisema kama amri ilikuwepo, kwa nini walituacha tuende mbali kote huko.

"Tulitaka kuona nani atamsalimu," alisema. Nikasikia karatasi ikigeuzwa. "Kwa hiyo umefanya vizuri kupiga. Mlipita njia ya chini, Ishiara, halafu Chuka, Nkubu. Nani alimsalimu?"

Karani wa posta alikuwa akinitazama.

"Hakuna," nikasema.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, bwana. Wanatuogopa."

Nilidhani ataniuliza tena, na sijui ningejibu nini mara ya tatu. Kisha akasema asante, mwalimu, na laini ikakatika.